Picha Iliyoshiba

Katika nchi moja ambayo haimo kwenye ramani yoyote, na wachora ramani wasilaumiwe kwa hilo, kulikuwa na kiongozi aliyeipenda nchi yake kiasi cha kutaka kuiona yote kwa mara moja, akiwa ameketi. Tulimwita Mlezi. Nchi ilikuwa kubwa, barabara zilikuwa mbovu, na daktari alikuwa amemkataza kutikiswa. Kwa hiyo kila Jumatatu asubuhi nchi ililetwa kwake. Ilimulikwa kwa projekta kwenye ukuta wa Ukumbi wa Maono, naye akaitazama huku akinywa uji wa ulezi.

Mimi nilikuwa mhudumu wa ukumbi huo. Kazi yangu ilikuwa kufunga mapazia, kuwasha projekta na kutosikia. Lakini nilikuwa nimesoma masomo ya jioni nikiwa tayari nina mvi, nikafaulu hesabu, na mtu aliyefaulu hesabu huona vigumu kutosikia. Haya ninayoyasimulia niliyaona mwenyewe, na yale ya simu nilisimuliwa na mwenye simu.

Wizara iliyohusika na kuiandaa nchi kwa ajili ya ukuta iliitwa Wizara ya Maendeleo Yanayoonekana. Sheria iliyoiunda ilikuwa na kifungu kimoja tu: lisiloonekana ukutani halipo. Sheria fupi huokoa muda wa watu wenye shughuli nyingi.

Mwanzoni nchi ilionyeshwa kwa mistari. Mlezi alivumilia mistari kwa miaka mingi, hadi Jumatatu moja alipoweka kikombe chini.

"Hii ni nini?"

"Ni akiba ya mahindi, Mheshimiwa," akasema Waziri Tunduli, mtu mnene mwenye sauti ndogo. "Inapanda."

"Mbona imekonda?"

"Ni mstari, Mheshimiwa."

"Naona ni mstari. Nauliza mbona nchi yangu imekonda hivi. Mgeni akiona uzi kama huu atasema watu wangu hawali."

Wizara ikanunua kutoka nje programu mpya ya kuchorea takwimu, na kazi ikapewa Zamoyoni Mhilu, mwanamke wa mkoa wa Malewe aliyekuwa ameajiriwa kabla watu wa Malewe hawajaacha kuajiriwa. Zamoyoni aliingiza takwimu zilezile, akabofya mahali, na chini ya ule mstari rangi ikamwagika hadi sakafuni, nafasi yote ikajaa. Programu iliita mchoro huo chati ya eneo. Mlezi aliutazama mpaka uji ukapoa.

"Hii imeshiba," akasema.

Tangu siku hiyo mstari mtupu ukawa kosa. Mwalimu mmoja wa hesabu aliyekutwa na mstari usiojazwa ubaoni alijitetea kuwa alikuwa hajamaliza, akasamehewa.

*

Nchi ilikuwa na mikoa mitano. Wa kwanza ulikuwa Lugome, si kwa wingi wa ardhi bali kwa sababu Mlezi alizaliwa huko. Wa mwisho ulikuwa Malewe, ambao katika uchaguzi fulani ulimpigia kura mtu mwingine. Mtu huyo alishafariki na uchaguzi wenyewe ulishafutwa, lakini Malewe iliendelea kuketi nyuma katika sherehe zote, karibu na mlango wa vyoo.

Nani akae wapi ilikuwa kazi ya Bwana Lijongwa, Mkuu wa Itifaki. Alikuwa mwembamba, msafi, na mfukoni alibeba futi ya kitambaa, ile ya mafundi cherehani, ya kupimia umbali kati ya kiti cha Mlezi na viti vya watu wengine. Aliposikia kwamba mikoa yote itaingia katika picha moja, alikuja mwenyewe ofisini kwa Zamoyoni pamoja na Waziri, akasimama nyuma ya kiti chake.

Zamoyoni alianza kwa kuipanga mikoa mmoja mbele ya mwingine, yote ikisimama sakafuni. Lugome ikawekwa mbele. Dhahabu yake ikaifunika mikoa yote, isipokuwa kilele kidogo cha mkoa wa Tangwe kilichochungulia nyuma kama mtu anayetazama harusi ya watu kupitia dirishani.

"Mingine iko wapi?" akauliza Waziri.

"Iko nyuma, Mheshimiwa. Lugome imeikinga."

"Wakuu wa mikoa watanung'unika."

"Naweza kuipunguza ile dhahabu uzito, iwe inapenya, nyuma yake paonekane."

Bwana Lijongwa akavuta pumzi. "Binti, unataka mkoa wa Mlezi uwe kama pazia la bafuni?"

"Basi Lugome iende nyuma na mingine ije mbele."

Bwana Lijongwa akatoa futi yake mfukoni.

"Basi ipandane," akasema Zamoyoni. "Kila mmoja aketi juu ya mwenzake, kama matabaka ya keki. Hakuna atakayemkinga mtu."

Wakapenda. Bwana Lijongwa akapanga matabaka kwa mpangilio wa viti vya sherehe: Lugome juu kabisa kwa rangi ya dhahabu, ikifuatwa na mitatu ya katikati kwa heshima zao, na Malewe chini, kwa rangi ya udongo.

"Mzee Lijongwa," akasema Zamoyoni, "katika chati hii aliye chini ndiye anayewabeba. Akizama yeye, walio juu yake wote wanashuka naye, hata kama hawajapungukiwa na kitu."

"Chini ndiko kwao," akajibu Bwana Lijongwa, akakunja futi yake.

*

Mwaka huo mvua haikunyesha Malewe. Katika mikoa mingine ilinyesha vizuri, na maghala yao yakajaa. Zamoyoni alimpigia simu mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari usiniulize, mwanangu. Nitalazimika kukudanganya, na leo sina nguvu za kudanganya."

"Ghala la serikali je?"

"Mtunza ghala anafagia sakafu. Anayofagia ndiyo anatugawia. Jana nimepata kikombe, nusu yake mchanga. Mdogo wako anasema mchanga ukichemshwa sana unalainika. Nimemwacha auchemshe, mbishi kama marehemu baba yake."

"Na jirani, Bi Kidawa?"

"Yeye na mjukuu wake hawapo."

"Wamehama?"

"Hawakuhama," akasema mama. "Hao wakubwa unaofanya nao kazi, hawawezi kutuletea hata lori moja?"

Zamoyoni akaenda kwa Waziri. Neno njaa lilikuwa limeondolewa katika lugha ya serikali, na mahali pake ukawekwa msemo kuchelewa kwa shibe.

"Mheshimiwa, Malewe shibe imechelewa sana."

"Imechelewa kiasi gani?"

"Watu wanazikwa wakiingoja."

Waziri Tunduli hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango kabla ya kujibu. "Sasa unataka niseme nini? Niingie pale nimwambie Mlezi maneno? Maneno hayaonekani. Ninyi wekeni ukutani. Akiona ameona. Mimi sitasema kitu, na wewe hutasema kitu."

"Na asipoona?"

"Basi hakuna kitu."

*

Jumatatu nilifunga mapazia nikawasha projekta. Zamoyoni hakuwa amebadilisha hata gunia moja. Upande wa kushoto wa ukuta, miezi ya nyuma, keki ya mikoa mitano ilikuwa imenyanyuka vizuri. Kadiri jicho lilivyokwenda kulia, tabaka la udongo pale chini lilikonda, likakonda, na yote yaliyokuwa juu yake yakateremka. Dhahabu ya Lugome ilikuwa na unene uleule wa siku zote, lakini ukingo wake wa juu ulishuka kama paa la nyumba iliyokatwa nguzo.

Mlezi hakutazama chini. Katika maisha yake hakuwahi kuwa na sababu ya kutazama chini.

"Lugome inashuka," akasema.

Kila mtu ukumbini alijua jambo moja, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulijua.

"Mkuu wa Mkoa wa Lugome."

Mtu akasimama katika safu ya mbele. Jasho lilikuwa tayari limempita kola. "Mheshimiwa, Lugome hatujapungukiwa na kitu. Ghala limejaa mpaka milango haifungiki."

"Unaona huo ukuta?"

"Nauona, Mheshimiwa."

"Unapanda au unashuka?"

Yule bwana aliutazama ukuta, akamtazama Mlezi, akautazama tena ukuta. "Unashuka, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo mahindi ya nyumbani kwetu anayala nani?"

Ikaamriwa malori yatoke Ghala Kuu la Taifa yapeleke mahindi Lugome. Yakaenda. Ghala la Lugome lilikuwa limejaa kweli, kwa hiyo magunia yakapangwa nje, chini ya maturubai, kilima juu ya kilima. Lakini kwa kanuni za Wizara mahindi yaliyo nje ya kuta za ghala hayahesabiwi, kwa sababu hayajapokelewa, na hayawezi kupokelewa kwa sababu hakuna nafasi. Mbuzi wa Lugome hawakuzijua kanuni hizo. Walinenepa mwezi ule kuliko mbuzi wowote katika historia ya nchi.

Jumatatu iliyofuata tabaka la Malewe lilikuwa kama ukoko wa sufuria, na Lugome ilikuwa imeshuka zaidi. Mkuu wa Mkoa wa Lugome hakuwepo. Alikuwa ameteuliwa kuwa balozi katika nchi ambayo ilikuwa bado inatafutwa.

Safari hii Mlezi hakuuliza mtu wa safu ya mbele.

"Wewe unayechora. Simama."

Zamoyoni akasimama. Nilikuwa karibu naye, kwenye kamba ya pazia, nikaona vidole vyake vimeshika ukingo wa meza.

"Lugome inashuka kwa nini?"

Angeweza kusema kwamba Lugome haishuki, inayoisha ni Malewe. Ingekuwa kweli, na Mlezi angeshusha pumzi, akarudi kwenye uji wake, na habari ya Malewe ingeishia hapo. Nilimwona akilipima neno hilo na kulimeza.

"Lugome imeketi juu ya Malewe, Mheshimiwa. Malewe imezama. Malewe ikijazwa, Lugome itainuka."

"Hakuna njia nyingine?"

"Maghala mengine yote yamejaa. Nafasi iko Malewe tu."

"Itainuka mpaka wapi?"

"Mpaka ilipokuwa mwanzo, Mheshimiwa. Labda na kidogo zaidi."

Mlezi akautazama ukuta, kisha akatikisa kichwa mara moja kukubali. Katika nchi yetu hiyo ilitosha. Yale mahindi yaliyokuwa nje ya ghala la Lugome, ambayo kwa mujibu wa kanuni hayakuwepo, yakapakiwa kwenye malori ya jeshi kwenda Malewe, na msafara ukapewa jina la Msafara wa Kuinua Lugome.

*

Bwana Lijongwa alimfuata Zamoyoni hadi ofisini. Mimi nilikuwa nyuma na sinia la chai.

"Umejua ulichosema mbele ya watu?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. "Umesema Mlezi amebebwa na Malewe."

"Nimesema chati, mzee."

"Huko nje wameshaanza. Asubuhi hii nimesikia mpishi anamwambia mwenzake, kumbe hao wa vyooni ndio wanaotubeba. Leo ni mpishi. Kesho ni nani?" Akavuta kiti. "Itafutwe njia ya kuiinua Lugome bila kubebwa na mtu. Programu hii ina vitufe vingi. Tutavifungua vyote. Tukiipata njia malori yakiwa bado njiani, yatarudi."

Katika chumba cha pili kulikuwa na redio ya upepo iliyofuata mwendo wa msafara, maana safari ya kumwinulia Mlezi mkoa wake ilistahili kutangazwa. Kila baada ya muda sauti ya askari ilikwaruza: Msafara umepita Kibangwe. Msafara umesimama, tairi. Msafara unaendelea.

Zamoyoni alikijua kitufe ambacho kingewarudisha. Alikuwa amekijua tangu siku programu ilipofunguliwa. Kilikuwa katika safu ileile, vitufe vichache tu kutoka mkono wake ulipokuwa, na alianza kuizunguka safu ile kama mtu anayempitisha mgeni nyumbani na kukwepa chumba kimoja.

"Labda tatizo ni rangi, mzee. Dhahabu hii imepauka. Ikiwa nzito zaidi, jicho litaiona iko juu."

Bwana Lijongwa alikuwa dhaifu kwenye mambo ya rangi. Wakaitwa wajumbe, wakabishana kama dhahabu ya Mlezi ni dhahabu ya pete au dhahabu ya jua la asubuhi, na ubishi huo ukachukua kutwa mbili. Walipokubaliana, ukingo wa Lugome ulikuwa bado unashuka, ila kwa rangi nzuri zaidi.

"Duara je?" akasema Zamoyoni. "Kila mkoa uwe kipande."

"Nani anakuwa juu?"

"Duara halina juu."

"Lifunge."

Akamwonyesha umbo lenye kina, lililosimama kama sanduku. Bwana Lijongwa alizunguka meza akiliangalia, kisha akatangaza kuwa linaonyesha mgongo wa Lugome, na mgongo wa Lugome si wa kuonyeshwa. Redio ikakwaruza kuwa msafara umelala Mafinyo. Bado walikuwa upande wa huku wa mto Sembwe, ambako redio ilifika. Nilimmiminia Zamoyoni chai. Akainywa akiwa ametega sikio chumba cha pili.

Bwana Lijongwa alikuwa mtu wa bidii, sitamnyima hilo. Siku ya nne alikuja na miwani mipya, akaanza kunyoosha futi yake kwenye kioo, kitufe kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio, bila kuruka.

"Na hiki?"

"Hicho kinahamisha majina pembeni."

"Hiki?"

"Kinaondoa vivuli."

"Hiki ulichokiruka?"

"Hicho ni cha asilimia, mzee. Ni cha kufundishia wanafunzi."

"Nami najifunza. Kibofye."

"Kompyuta imechoka. Nikiilazimisha itazima, tutapoteza kazi yote ya dhahabu."

Bwana Lijongwa akavua miwani. "Kwenu wapi, binti?"

"Malewe."

"Nilidhani," akasema, na akakivuta kipanya kwake akabofya mwenyewe.

Picha ikajinyoosha. Ukingo wa juu wa Lugome ulisimama kwenye kioo mnyoofu kama meza, kutoka mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, bila hata mkunjo. Bwana Lijongwa alikaa akiutazama kama mtu aliyefunguliwa mlango wa peponi.

"Huu unashuka lini?"

Zamoyoni hakuwa na la kuficha tena. "Haushuki."

"Hata mwakani?"

"Mia ni mia, mzee. Inagawiwa upya kila mwezi. Hata nchi nzima ikibaki na gunia moja, gunia hilo litaitwa mia."

"Hata ikibaki na gunia moja," akarudia Bwana Lijongwa polepole, kwa sauti ambayo watu huitumia msikitini na kanisani. Kisha akaona jambo jingine. "Na hapa kulia, Lugome na wenzake wamenenepa."

"Hawajanenepa. Malewe imeisha, wamepewa nafasi yake."

"Wamenenepa," akasema.

Redio ikakwaruza chumba cha pili. Msafara umefika Sembwe. Daraja lina ufa. Wanavuka lori moja moja.

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuurudisha msafara, naye alikuwa amelala usingizi wa mchana. Na kulikuwa na kanuni kwamba Mlezi akilala asiamshwe kwa jambo lolote, iwe moto, iwe vita, iwe habari njema. Kanuni hiyo iliandikwa na Bwana Lijongwa.

Alisimama nje ya mlango wa chumba cha kulala na kompyuta mikononi, wima, viatu vimegusana. Mimi nilikuwa nimeitwa kuandaa uji. Kutoka kule korido ningeweza kuisikia redio, maana Zamoyoni alikuwa ameifungulia mlango na kuiongeza sauti.

Lori la kwanza limevuka. Lori la pili limevuka. La tatu limekwama, wanalisukuma.

Bwana Lijongwa aliinua mkono kugonga, akautazama, akaushusha. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kuteswa na kazi ya mikono yake kama yeye mchana ule.

La tatu limevuka.

Mlezi aliamka, akanawa, akanywa uji bila haraka, kisha akaonyeshwa picha. Alifurahi mno. Alitaka kujua kama ukingo huo unaweza kupanda zaidi ya hapo, akaelezwa kuwa hauna pa kupanda, akasema hata hivyo umekaa vizuri. Ndipo Bwana Lijongwa akauliza habari ya msafara, na Mlezi akatikisa kichwa kukubali urudishwe.

Askari wa redio akaita. Akaita tena. Lori la mwisho lilikuwa limeshaingia kwenye milima ya ng'ambo, na huko mawimbi hayafiki, kwa sababu mnara wa Malewe ulikuwa bado unaahidiwa. Madereva walipoipata amri, walikuwa wameshashusha. Wakaitii kikamilifu, wakarudi na malori matupu.

*

Jumatatu nilipowasha projekta, nilijua kabla mapazia hayajatulia. Ukingo mnyoofu wa juu ulikuwa palepale. Lakini chini, pembeni kulia, udongo ulikuwa umefura. Mahindi ya Malewe yalikuwa yamepokelewa ghalani na kuhesabiwa, na kwa kuwa mia haiongezeki, kila kilichoongezeka kwa Malewe kilikuwa kimekatwa kwa wengine. Dhahabu ya Lugome ilikuwa imebanwa juu kama mtu aliyesukumwa hadi ukutani.

Mlezi alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama mbele ya picha.

"Malewe inaingia Lugome," akasema.

Mkuu wa Majeshi akafunga kifungo cha koti lake.

"Wiki iliyopita hawakuwepo kabisa. Leo wako kiunoni. Jumatatu ijayo watakuwa wapi? Hayo mahindi yachukuliwe leo, yote, na atakayezuia achukuliwe nayo."

"Tutayarudisha wapi, Mheshimiwa?" Waziri Tunduli aliuliza, na nadhani aliuliza kabla hajajua kwamba ameuliza. "Ghala la Lugome limejaa."

"Yatakaa nje. Mkuu wa Majeshi."

"Mheshimiwa," akasema Zamoyoni.

Hakuwa ameitwa. Bwana Lijongwa aligeuka kwenye kiti chake kama aliyechomwa sindano.

"Kuna njia ya haraka kuliko askari," akasema Zamoyoni. "Barabara ya Malewe ni mbovu, watachelewa, na Jumatatu ijayo ukuta utakuwa vilevile. Mimi naweza kuiondoa Malewe sasa hivi. Hapa kuna orodha ya mikoa, na kila jina lina alama ya vema. Nikiondoa alama, mkoa unatoka. Mia itagawanywa kwa waliobaki wanne."

"Inatoka wapi?" akauliza Mlezi.

"Kwenye picha."

Waziri alikuwa amemkodolea macho. Alikuwa ameelewa, na alikuwa akimwuliza kwa macho kama yeye mwenyewe ameelewa. "Na mahindi yao?" akauliza polepole.

"Yatakuwa hayapo, Mheshimiwa. Lisiloonekana ukutani halipo."

"Kwa hiyo askari wataenda kuchukua nini?"

"Hakutakuwa na kitu cha kuchukua."

Mkuu wa Majeshi akamwangalia Bwana Lijongwa, naye Bwana Lijongwa akawaza, akipitisha futi yake katikati ya vidole. Ilikuwa sheria, na ilikuwa safi. "Ndivyo ilivyo," akasema. "Hata ombi lao lolote, kuanzia leo, litakuwa halijaombwa."

"Sawasawa," akasema Zamoyoni. Sauti yake haikutikisika. Kishale kilikuwa tayari juu ya jina la Malewe.

"Na Lugome?" akauliza Mlezi.

"Itanenepa papo hapo."

Mlezi alikaa. Akachukua kikombe. Akatikisa kichwa kukubali, na Zamoyoni Mhilu wa Malewe akabofya.

Udongo ukatoweka. Dhahabu ikashuka na kutanuka, nzito, tele, ikajaza ukuta, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkuu wa Mkoa wa Tangwe naye alipiga, mpaka alipotazama sakafuni na kuona ni rangi ya nani sasa iliyokuwa pale chini kabisa. Mikono yake ikabaki hewani.

*

Zamoyoni alimpigia mama yake akiwa amesimama kwenye ngazi za nyuma za ukumbi, mahali nilipokuwa nikimwaga majani ya chai. Huko ng'ambo ya simu kulikuwa na kelele za watu na mtwangio wa kinu.

"Mama, yamefika?"

"Yamefika, mwanangu. Ghala limejaa, watu wamekaa nje wanaimba, hawa wasiokuwa na haya. Mdogo wako amekula mpaka amelala na kijiko mkononi. Wale madereva wametuambia tumshukuru Mlezi. Tumemshukuru, mimi mwenyewe nimepiga vigelegele. Imekuwaje wakatukumbuka?"

"Imetokea tu, mama."

"Haya. Sasa niambie, maana wazee hapa wananiuliza mimi, eti mwanao yuko huko juu. Mvua bado. Haya yakiisha, tumwambie nani?"

Zamoyoni alinitazama, kisha akatazama mlango wa ukumbi, ambako makofi yalikuwa bado hayajakwisha.

"Msimwambie mtu," akasema. "Yaleni taratibu."